Si Kabla ya Mwaka Gani? Kuusoma Umri wa Nguo ya Mtumba

Hotuba kwa wauzaji wa mitumba na mafundi cherehani, Mwanza

Ndugu mwenyekiti, wazee wa soko, mafundi wenzangu, akina mama wa soko la Mlango Mmoja mliowaachia watoto meza ili mje hapa, na ninyi vijana mnaouza kwa simu: mwangaluka!

Nimeitwa nizungumzie namna ya kujua nguo ya mtumba ni ya miaka gani. Zamani mteja akishika nguo alitaka kujua bei, saizi, na kama ina tundu. Siku hizi yupo anayeandika kutoka Dar es Salaam au Nairobi, hata Ulaya kwenyewe nguo ilikotoka, anauliza: "Hiyo jaketi ni ya mwaka gani?" Ukimjibu vizuri analipa pesa ambayo kwenye mnada ungeipata kwa kumaliza fungu zima. Nguo hizo za zamani vijana wanaziita vinteji, na kwa desturi ya biashara hiyo duniani nguo huanza kuhesabiwa humo ikishatimiza miaka 20 hivi.

Shida ni majibu tunayowapa. Nimepita kwenye kurasa zenu, wanangu, nimesoma. Kila gauni la maua makubwa ni la "miaka ya sitini". Kila suruali pana chini ni ya "sabini". Kila fulana iliyopauka ni "orijino ya zamani sana". Mteja anayejua anacheka na kuondoka. Asiyejua ananunua, halafu mwenzake anamfungua macho, na hapo umeshampoteza yeye na jamaa zake wote.

Kwa hiyo nianze na lile ambalo likishaeleweka, mengine yote ni nyongeza. Nguo haikwambii ilishonwa lini. Inakwambia haikuweza kushonwa kabla ya lini. Kila kilichomo ndani yake, uzi, zipu, lebo, alama za kufulia, jina la nchi, kina mwaka wake wa kuingia duniani. Kazi yako ni kutafuta kile kilicho kichanga kuliko vyote, na hicho ndicho kinachoamua. Gauni linaweza kuwa na kola ya miaka ya 40 na maua ya miaka ya 60, lakini lebo yake ikiwa na anwani ya tovuti, kesi imekwisha.

Hesabu hii mnaijua bila kufundishwa. Bibi akikufungulia sanduku akatoa kanga iliyoandikwa CCM, huwezi kusema ni ya wakati wa Uhuru, maana CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977. Ikiwa na TANU, haitangulii Julai 1954. Ikitaja Tanzania, haitangulii Oktoba 1964, kwa sababu Muungano ulikuwa Aprili 26 mwaka huo na jina hili likafuata baada ya miezi kadhaa. Hapo hujatazama hata kitambaa. Sasa geuza upande wa pili: kanga yenye picha ya Mwalimu na maneno ya kumkumbuka haitangulii Oktoba 1999, lakini si lazima iwe ya mwaka huo. Zimeendelea kuchapwa baadaye. Tarehe iliyoandikwa kwenye nguo inakupa mpaka wa chini. Mpaka wa juu unautafuta mwenyewe, na ni mgumu kuliko huo wa chini.

Nguo za nje nazo ni hivyohivyo. Lebo ikisema imetengenezwa Sri Lanka, haitangulii 1972, kwa sababu kabla ya hapo nchi hiyo iliitwa Ceylon. Ikisema Bangladesh, haitangulii 1971, na kwa kweli viwanda vyao vya nguo za kuuza nje vilianza kuchangamka mwishoni mwa miaka ya 70. Halafu zipo nchi chache zinazokupa mpaka wa juu pia, hizo zishike vizuri. Ujerumani Magharibi ilikwisha kuwa nchi peke yake tarehe 3 Oktoba 1990. Chekoslovakia iligawanyika Januari 1993. Lebo inayotaja Hong Kong ya Uingereza ni ya kabla ya Julai 1997. Koti la michezo lililoandikwa Ujerumani Magharibi, hata kama lilinunuliwa dukani baadaye, limeshonwa kabla au karibu sana na 1990. Nasema karibu sana kwa sababu kiwanda chenye roli la lebo za zamani hakilitupi jalalani siku nchi ilipobadilika jina, kinalimaliza kwanza. Acha nafasi ya mwaka au miwili.

Sasa naomba mlitazame gauni hili. Huko nyuma mnaliona? Maua ya chungwa na kahawia, mikono mifupi, kiuno kimebanwa. Lilitoka kwenye belo la nguo za kike kutoka Marekani. Aliyeniuzia alishaliita la sitini na bei akaipandisha kwa neno hilo. Jambo la kwanza nililofanya ni kuligeuza ndani nje. Mnunuzi wa samaki pale Mwaloni Kirumba anafungua mashavu kwanza, magamba baadaye. Na nguo uifungue hivyo.

Ndani tunaona nini? Zipu iko mgongoni, nayo ni ya nailoni. Magauni na sketi za zamani zilikuwa na zipu za chuma, mara nyingi ubavuni, na zipu za nailoni zilienea katika miaka ya 60. Kwa hiyo zipu inatuambia miaka ya 60 au baadaye. Angalizo dogo: hesabu hii ni ya magauni na sketi. Jinzi na jaketi zinawekewa zipu ya chuma mpaka leo, kwa hiyo usije ukaniambia jinzi yako ni ya kale kwa sababu zipu ni ya shaba. Na jina YKK kwenye zipu halikusaidii sana, maana kampuni hiyo ya Kijapani ipo tangu 1934.

Twende kwenye lebo. Hapa pameandikwa poliesta asilimia mia. Sheria ya Marekani inayolazimisha nguo kutaja aina ya nyuzi na asilimia zake ilianza kutumika 1960. Sawa, bado mwenye gauni lake anaweza kutamba. Lakini kwenye mshono wa ubavuni kuna kilebo kingine, hiki cheupe, kimeshonewa humo na kinatoa maelekezo ya kufua: maji ya uvuguvugu, pasi isiyo kali. Kanuni ya Marekani ya kuweka maelekezo ya kudumu ya kufulia ilianza Julai 1972. Wapo walioweka kabla kwa hiari yao, lakini ukikuta kilebo cha namna hii kwenye nguo ya kawaida ya Marekani, miaka ya 60 isahau.

Na hapa, kimekunjamana karibu na pindo, kipo kilebo cha tatu chenye herufi ILGWU. Hicho ni chama cha wafanyakazi washonaji wa nguo za kike wa Marekani. Kilianzishwa 1900, na 1995 kiliungana na chama kingine, jina likafa. Mmeona raha yake? Kilebo cha kufulia kinatupa mpaka wa chini, 1972. Kilebo cha chama kinatupa mpaka wa juu, 1995. Sasa ndipo ninaporuhusu macho yangu yatazame maua, ukosi na urefu wa sketi, na mtindo unanielekeza miaka ya 70, katikati au mwishoni. Mtindo unaingia mwisho, baada ya ushahidi kuuwekea uzio. Ukianza na mtindo utapotea, kwa sababu mitindo inarudi. Miaka ya 70 walishona nguo za kuiga miaka ya 30. Miaka ya 90 wakaiga ya 70. Na sasa hivi kuna viwanda vinashona za kuiga 90.

Kwenye nguo za Marekani mtakuta pia herufi RN na namba. Hiyo ni namba ya usajili wa kampuni. Kwa namba zilizoanza kutolewa 1959 kuna hesabu wanayoitumia wakusanyaji: chukua namba, toa 13670, gawanya kwa 2635, jumlisha 1959. Namba 40020, kwa mfano, inakupa 1969. Ni makadirio, na huo ni mwaka ambao kampuni ilisajiliwa. Kampuni inaweza kuitumia namba hiyohiyo kwa miaka 30. Nimewahi kuona mtu amebandika "1969" kwenye picha ya jaketi lenye kitambaa cha manyoya ya poliesta ambacho kiwanda cha Malden Mills kilikitoa 1979. Namba ilikuwa sahihi, matumizi ndiyo yaliyokuwa mabovu.

Nguo za Uingereza ni rahisi zaidi, na hapa kwetu zinakuja nyingi. Lebo ya St Michael, hasa kwenye sweta na makoti, ilikuwa ya Marks & Spencer. Jina hilo walilisajili 1928 na wakaliacha 2000. Kwa hiyo ukiikuta, una nguo iliyokwishapita miaka 20 bila ubishi. Ikisema pia imetengenezwa Uingereza, una uhakika zaidi wa kuipeleka nyuma, maana kampuni hiyo ilishikilia viwanda vya kwao mpaka mwishoni mwa miaka ya 90 ndipo ikahamia nje kwa kasi. Sweta yenye ile alama ya sufu inayofanana na uzi uliozungushwa haitangulii 1964. Na vile vipicha vya beseni, pasi na duara vilianza kuenea Ulaya baada ya 1963. Marekani vikaruhusiwa kusimama peke yake bila maneno 1997. Kwa mtumba wa Kanada, vipicha vyenye rangi ya kijani, njano na nyekundu vinaelekea nyuma ya 2003, mwaka walioamua viwe vyeusi tu.

Nije kwenye kitambaa chenyewe, maana lebo zinakatwa, na nitalisema hilo baadaye kwa ukali kidogo.

Nyuzi za viwandani nazo zina siku zao za kuzaliwa. Nailoni ilivumbuliwa 1935 katika kampuni ya DuPont na soksi zake zikaingia madukani 1940. Poliesta iligunduliwa Uingereza 1941, lakini nguo zake zikawafikia watu wa kawaida katika miaka ya 50. Laikra, huu uzi mwembamba unaofanya suruali ivutike, ni ya 1958 maabara na 1962 sokoni, na kuichanganya kwenye jinzi ni habari ya miaka ya karibuni zaidi. Kwa hiyo suruali ya jinzi pana chini inayovutika ukiishika hapa pajani, asilimia 2 ya laikra, si ya wale vijana wa 1972 hata ikiwa na viraka vya maua. Ni ya wajukuu zao.

Kujua nyuzi bila lebo, tumia moto. Chomoa uzi kutoka ndani ya mshono, mahali pasipoonekana, ushike kwa kibano juu ya bakuli la maji. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi iliyoungua, majivu yake ni laini ya kijivu. Sufu na hariri hazipendi kuwaka, zinanuka nywele. Poliesta inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha kitone kigumu. Mchanganyiko utakupa vyote viwili. Ila jamani, fanyeni jambo hili nje, mbali na marundo. Soko la nguo na kiberiti havikai pamoja, na mliopo hapa mnajua masoko ya nchi hii yalivyoungua.

Ipo pia ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Wengi mnayo. Washa gizani juu ya nguo nyeupe. Kemikali za kung'arisha weupe zilianza kuenea kwenye vitambaa na sabuni baada ya Vita Kuu ya Pili, na zinawaka bluu chini ya tochi hiyo. Uzi wa mshono ukiwaka sana na kitambaa hakiwaki kabisa, una sababu ya kushuku kwamba nguo imeshonwa upya au uzi umebadilishwa. Lakini msiifanye tochi kuwa hakimu. Nguo ya kale ikifuliwa mara moja tu kwa sabuni ya unga ya kisasa nayo itawaka.

Mabega. Hapa watu wengi wanachanganya, kwa sababu mabega makubwa yalivaliwa miaka ya 40 na yakarudi miaka ya 80. Ingiza mkono ndani ya bitana uyapapase. Ya 40 kwa kawaida ni pamba iliyoshindiliwa, imeshonewa mahali pake na haitoki. Ya 80 mara nyingi ni sponji, pengine inabandikwa na kubanduliwa. Na sponji ikizeeka inavunjika. Ukitikisa koti, ukasikia kitu kinachuruzika ndani ya bega, halafu unga wa njano ukamwagika kwenye kiganja, hiyo ni sponji imekufa. Koti bado ni zuri! Toa unga, weka mabega mapya, na mwambie mteja umebadilisha.

Jinzi ningeweza kuzizungumzia mpaka jua lizame, lakini nyingi ya habari zake mmeshazisikia, tena nyingine mmezisikia kombo. Levi's ndiyo inayoulizwa, basi nitaje yake. Kile kitambaa chekundu kwenye mfuko wa nyuma kilianza 1936. Jina liliandikwa kwa herufi kubwa zote mpaka 1971, ndipo E ikawa ndogo. Ribiti za mifuko ya nyuma, vile vijisumari vya shaba vya kukazia pembe, zilifichwa kwa ndani kuanzia 1937, na 1966 zikaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na mshono mnene. Lebo ya kiunoni ilikuwa ngozi mpaka katikati ya miaka ya 50, ikawa karatasi ngumu. Ule ukingo wa kitambaa usiofumuka, wenye uzi mwekundu, unaouona ukikunja mguu, uliachwa kwenye suruali zao za kawaida katika miaka ya 80. Na viwanda vyao vya mwisho vya kushona Marekani vilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sasa sikilizeni: kampuni hiyohiyo inatoa upya mitindo yake ya zamani, na E kubwa wanairudisha. E kubwa peke yake haitoshi. Tafuta kitu kichanga. Ukikuta ndani kilebo chenye lugha sita na anwani ya tovuti, E inaweza kuwa kubwa kama bango, umri haubadiliki.

Fulana. Watu wanapenda kuangalia mshono wa mkono na wa pindo. Mstari mmoja wa uzi, wanasema, ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 90. Miwili ni ya baadaye. Kwa fulana za Marekani kipimo hiki kinafanya kazi mara nyingi, lakini kuna nchi ziliendelea na mstari mmoja baadaye, na wanaoghushi siku hizi wanashona mmoja makusudi. Kilicho hatari zaidi ni ule mwaka mdogo ulioandikwa chini ya picha ya bendi au ya timu. Huo ni mwaka wa haki ya picha. Picha ya 1988 inaweza kuchapwa wiki iliyopita. Nina fulana moja pale mezani yenye 1988 kifuani na mishono miwili mkononi, uzi wake laini mpya, na shingo ina maandishi yaliyochapwa moja kwa moja kwenye kitambaa badala ya lebo. Mtaiona wenyewe.

Nguo za michezo nitapita haraka. Jani la adidas lilianza 1972, alama ya Nike ni ya 1971, lakini zote mbili bado ziko madukani, kwa hiyo zinakupa mpaka wa chini tu. Tafuteni nchi kwenye lebo.

Sasa nguo zenye historia ya hapahapa kwetu, ambazo vitabu vya Ulaya haviziandiki.

Kwanza tuambizane ukweli kuhusu kinachotufikia. Kule nguo zinakokusanywa kuna viwanda vya kuchambulia, na humo wapo watu ambao kazi yao ni kutoa za kizamani kabla belo halijafungwa, kwa sababu ndizo zenye bei. Maduka ya London na Tokyo yameshakula kabla yetu. Gauni halisi la miaka ya 40 kutua Mwanza ndani ya belo ni bahati kubwa. Kinachotufikia kwa wingi ni miaka ya 90 na 2000, na mara mojamoja kilichowapita wachambuzi: nguo isiyo na lebo, nguo ya kushonwa nyumbani, nguo ya kazi.

Lakini tuna mgodi mwingine, nao ni masanduku ya wazee. Mitumba ilipofunguliwa njia katikati ya miaka ya 80, enzi za Mzee Ruksa, koti la 1968 lilikuwa mtumba wa kawaida tu. Likanunuliwa, likavaliwa Krismasi na Idi, likahifadhiwa Magu, Sengerema, Ukerewe. Hapo wachambuzi wa Ulaya walikuwa hawajazinduka. Ukimkuta mama ana koti la namna hiyo, mlipe bei ya haki, kwa sababu unajua unachokinunua na yeye hajui.

Pili, uchakavu usikudanganye. Jua la Mlango Mmoja linapausha jinzi iliyoning'inizwa mbele ya kibanda ndani ya wiki chache. Unyevu wa ziwani unashikisha kutu kifungo cha chuma kibaya kabla mwaka haujaisha. Nguo iliyosafiri juu ya lori la dagaa inanuka, lakini inanuka dagaa, hainuki uzee. Uchakavu unasema nguo imeishi vipi.

Tatu ni kazi ya mikono yetu sisi mafundi. Tunapunguza viuno, tunabadilisha zipu, tunafupisha, tunatia rangi upya. Yote halali. Ila anayetafuta umri lazima ajue kuyatoa kwenye hesabu, maana zipu mpya ya dukani kwenye gauni la 1958 hailifanyi gauni kuwa la jana. Chunguza kando ya mshono: kama zipu imebadilishwa, utaona safu ya vitundu vya sindano visivyo na uzi, na pengine mstari wa kitambaa chenye rangi nzito zaidi ambacho jua halikuwahi kukiona kwa sababu kilikuwa kimefunikwa na zipu ya kwanza. Vitundu hivyo ndivyo vinavyokuruhusu kusema zipu si ya asili. Bila kuviona, usiseme.

Na jinzi iliyotiwa rangi nyeusi inajisema. Rangi tunayotumia inashika pamba, haishiki poliesta. Ikiwa uzi wa kushonea ni wa poliesta, suruali inatoka nyeusi tii na mishono inabaki ya chungwa kama ilivyokuwa, inang'aa isivyo kawaida. Uzi wa pamba ungekunywa rangi pamoja na kitambaa. Geuza pia mfuko: kitambaa cha mfukoni ambacho kilikuwa cheupe kimekuwa kijivu chenye madoa, na lebo nayo imepakwa. Nguo ya kiwandani haitoki hivyo.

Wale wenye hamu ya kanga na vitenge, ambayo ni biashara nyingine kabisa, nitasema neno moja. Kanga za mwanzo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi za Kirumi zikaja baadaye. Jina la mfanyabiashara pembeni nalo ni ushahidi: duka la Kaderdina la Mombasa, lenye "Mali ya Abdulla", lipo tangu 1887, kwa hiyo jina lake linakupa mpaka wa chini ulio mbali mno usisaidie, lakini kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilianza 1968, na hilo linasaidia. Na sisi watu wa Kanda ya Ziwa, mkoa wa pamba, mkikuta kitenge au shuka yenye jina la kiwanda cha Mwatex au cha Mutex ya Musoma, msiikate kuwa matambara ya kudekia. Ipo siku mtaulizwa.

Nimalizie na maneno ya kuandika chini ya picha, maana ndipo pesa ilipo. Acheni kuandika mwaka mmoja mkavu. Andikeni kuanzia lini hadi lini, na mseme kwa nini. "Gauni la Marekani, kati ya 1972 na mwisho wa miaka ya 70. Kilebo cha kufulia kipo, cha chama kipo, zipu ya nailoni ya asili, pindo limefupishwa." Mkusanyaji akisoma hivyo hahitaji kubembelezwa. Pigeni picha lebo zote, mbele na nyuma, zipu kwa karibu, na mshono kwa ndani. Kama ushahidi haukufikishi mbali, andika "si kabla ya 1964" na uishie hapo.

Mafundi, na hili ndilo la ukali: acheni kukata lebo. Najua zinawasha shingoni. Najua mteja mwenyewe anasema kata. Akikwambia kata, ifumue kwa ncha ya wembe, uzi kwa uzi, uiweke kwenye kimfuko na umpe pamoja na nguo. Na ninyi mnaochambua belo, nguo ikitoka bila lebo, tazameni ndani ya bitana na ndani ya mfuko wa koti kabla ya kuirusha kwenye rundo la jero jero. Makoti ya kiume mara nyingi yana kilebo cha pili ndani ya mfuko wa kifuani, ambacho hakuna aliyekumbuka kukiondoa.

Nguo zote nilizozitaja ziko pale mezani, pamoja na nyingine ambazo sijazisemea neno kwa makusudi. Njooni mzigeuze ndani nje, halafu kila mmoja aniambie si kabla ya mwaka gani. Tochi iko moja, mpokezane. Kiberiti kibaki nje. Wabeja sana.